Mkono wa Mwenye Redio

Katika kibanda cha fundi mmoja wa redio kule Ngamiani, Tanga, kuna kioo kirefu, chembamba, kimeegeshwa ukutani baina ya rundo la rimoti na spika zilizochanika. Ni kioo cha uso wa redio ya Philips ya zamani, zile za sanduku la mbao ambazo valvu zake zilichukua muda kupata moto kabla ya sauti kutoka. Sanduku halipo tena, mitambo haipo. Kimebaki kioo, na juu yake majina ya miji yaliyochapwa kwa rangi ya maziwa iliyokwisha kufifia: London, Paris, Roma, Luxembourg, Hilversum. Hakuna Tanga humo, wala Dar es Salaam. Hilversum ni mji mdogo wa Uholanzi ambao, lau si redio, wachache tu wa upande huu wangelijua jina lake. Uliingia sebuleni mwa watu kwa sababu ndiko zilikokuwa studio za utangazaji za nchi iliyounda sanduku. Chini ya majina umepita mstari ambamo kijiti chekundu kilikuwa kikitembea, kulia na kushoto, kwa kuzungushwa kigurudumu cha kutafutia stesheni. Fundi hakiuzi kioo hicho, wala hana redio ya kukitia. Kila nikipita pale nakitazama, na kila nikikitazama mawazo yananipeleka kwenye simu iliyo mfukoni, kwa maana nayo ni uso wa kioo unaoniletea miji, ila haina kigurudumu.

Kioo kile kiliipanga dunia kwa mstari, na mstari haukumjua aliyekaa mbele yake. London haikusogea karibu na kijiti kwa sababu jana ulikaa nayo mpaka usiku. Uliyemtaka ulimfuata mwenyewe, kwa ncha za vidole, taratibu, ukipita katika mkwaruzo na miluzi ya masafa mafupi hadi sauti ya mtu ikajitokeza, ikapotea, ikarudi. Na wa kufuatwa walikuwa wengi. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili na kuwasemesha watu wa Afrika Mashariki juu ya ukoloni. Mwaka 1957 London ikaanzisha idhaa ya Kiswahili ya BBC. Katika muongo uliofuata Moscow, Peking, Washington na Cologne zote zilikuwa na watangazaji wao wa Kiswahili. Hakuna aliyetangaza kwa ajili ya thawabu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila mji ulikuwa na ngoma yake. Hata hivyo msikilizaji wa Ujiji au wa Lamu aliweza, usiku mmoja, kusikia vita ile ile ikisimuliwa na pande mbili zisizopatana, kisha akazima redio akabaki na kazi ya kupima. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa na faida yake: ulimwambia msikilizaji kwamba ametoka mahali fulani na hajafika kwingine.

Sasa kijiti kinajitembeza chenyewe. Mtu anaifungua simu asubuhi kabla hajapiga mswaki, na kabla hajaamua anatafuta nini keshapewa: ajali ya basi, mchekeshaji aliyevaa dera, maiti za vita ya mbali, tangazo la mafuta ya nywele, mtu asiyemjua akimtukana mwingine asiyemjua. Baina ya kimoja na kingine hakuna mkwaruzo wowote. Kidole kinateleza tu. Hali hii ina tarehe zake. Septemba 2006 Facebook iliwawekea watumiaji wake mlisho wa habari katika ukurasa wa kwanza, na wengi wakalalamika kabla ya kuzoea. Mwaka huo huo mbunifu Aza Raskin alitengeneza ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukiufikia chini unajiongeza. Miaka ya baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Mwaka 2016 Twitter na Instagram ziliacha kuyapanga machapisho kwa saa yaliyotumwa tu, zikaanza kuyapanga kwa kukisia kitakachokunasa. Macho hayana pazia, na biashara nzima imejengwa juu ya methali hiyo: ukisita kidogo juu ya picha ya damu, kusita huko kunaandikwa kuwa ni kupenda, na kesho unaletewa damu zaidi. Sikio nalo halilali njaa. Aliyezoea kulishwa kila dakika hapati nafasi ya kujua alikuwa na njaa ya kitu gani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee. Ndani ya simu kibaya hakichoki tena miguu, kinabebwa. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, na miongoni mwa walalamikaji yumo mtoto wa profesa wa Ethiopia aliyeuawa wakati wa vita ya Tigray. Madai yao ni kwamba algoritimu ya kampuni iliyasukuma mbele machapisho ya chuki na uchochezi, na kwamba yaliyohitaji kuondolewa hayakuondolewa kwa wakati. Mwezi Mei mwaka huo huo, mjini humo humo, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kukagua machapisho alifungua kesi nyingine juu ya mazingira ya kazi hiyo. Miezi michache kabla, jarida la TIME lilikuwa limeandika kwamba baadhi ya wakaguzi wa Nairobi walilipwa takriban dola 1.50 kwa saa, ujira wa kutazama kwa zamu ukatili ambao wengine wameepushiwa. Ukimwuliza mtu mtaani nani anampangia anachosoma, atakujibu ni mtandao, kama mtu anavyosema ni mvua. Kumbe nyuma ya mlisho unaojipanga kuna mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo iko karibu nasi, inatetemeka usiku.

Zipo njia nyingine, na si mpya. Mwaka 1999 watu wa kampuni ya Netscape walitoa RSS, utaratibu mwepesi unaoiwezesha tovuti kutangaza: nimeandika kitu kipya, kichwa chake hiki, kiungo chake hiki. Msomaji alihitaji programu moja ya kuyakusanya matangazo hayo kutoka katika tovuti alizozichagua mwenyewe. Google Reader, iliyoanza mwaka 2005, iliwazoesha wengi kusoma hivyo, na ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 watu wakatangaza msiba wa RSS yenyewe. Marehemu yu hai: podikasti nyingi zinazosikilizwa leo kwenye daladala na majikoni zinawafikia watu kwa njia hiyo hiyo, ingawa wasikilizaji hawaijui kwa jina. Mwaka 2016 msanidi programu wa Ujerumani, Eugen Rochko, akatoa mtandao wa kijamii wa Mastodon, na Januari 2018 shirika la W3C, linaloratibu viwango vya wavuti, likapitisha itifaki ya ActivityPub ambayo Mastodon na mitandao mingine mingi huitumia kuongea baina yao. Bluesky, iliyoufungulia umma milango yake Februari 2024, ina itifaki yake tofauti. Wafuasi wa kambi hizi hugombana kwa bidii ya madhehebu, lakini wanashiriki wazo moja: mtu wa seva hii aweze kumfuata mtu wa seva ile bila wote wawili kuwa chini ya kampuni moja, kama mwenye barua pepe ya huku anavyomwandikia mwenye barua pepe ya kule.

Elon Musk alipoinunua Twitter, Oktoba 2022, kwa dola bilioni 44, watu wengi walikimbilia Mastodon kwa hasira, na wengi wao hawakukaa. Kilichowakuta huko ni ukimya. Ukurasa wa nyumbani hauna kitu mpaka umfuate mtu, na ukimfuata mmoja unamsikia huyo mmoja. Kwa aliyezoea kuletewa, ukurasa mtupu unaonekana kama chombo kilichoharibika. Anayevumilia ndiye anayeona kinachotokea baadaye. Mlisho wangu wa jioni moja ya masika ulikuwa hivi: mtu wa Ujerumani aliyepiga picha ya kuvu iliyoota ubavuni mwa mti, na chini yake maelezo marefu kuliko picha, mhandisi mstaafu wa meli akieleza kwa nini injini za zamani zilikuwa rahisi kuzitambua kwa mlio, mkutubi aliyekuwa akiunga mgongo wa kitabu kwa gundi ya wanga, akionyesha uzi, sindano na kidole chake kilichochomwa, mwanamke aliyekuwa akilalamikia bei ya vitunguu katika mji ambao sijawahi kufika. Hakuna aliyepiga kelele. Nikasoma, nikasoma, kisha mlisho ukaisha. Nilikuwa nimefika pale nilipoishia jana, na programu haikuwa na lingine la kunipa. Ni jambo dogo, na ajabu yake imekaa hapo hapo: kitu cha kusoma kilichokubali kwamba msomaji ameshiba.

Bluesky inatoa ruhusa nyingine, ya kujitengenezea mlisho mzima na kuwagawia wengine, na hapo ndipo uzito wa kuchagua unapojulikana. Mfikirie shabiki anayetaka kukusanya habari za soka la Tanzania mahali pamoja. Anaanza na neno Simba, kana kwamba dunia nzima inaijua Msimbazi. Anachovua ni yule mwana simba wa filamu ya Disney, pamoja na paka wa watu waliopewa jina lake. Anaongeza jina la ligi, Ligi Kuu ya NBC, na anafunikwa na televisheni ya Marekani yenye herufi hizo hizo. Mwenzake wa Mombasa hana nafuu, maana jina la mji wake linawaita wachezaji wa mchezo wa video wa Halo, ambao wana Mombasa yao ya kubuni, ya karne nyingi zijazo, iliyovamiwa na viumbe wa angani. Basi anaanza kuziba matundu: ondoa Disney, ondoa mchezo ule, ongeza Jangwani, ongeza Kariakoo. Anafika kwenye Yanga, na Yanga inamletea kitu asichokitarajia: habari za Gaspar Yanga, Mwafrika aliyewaongoza watumwa waliotoroka huko Mexico enzi za Wahispania, na mji wa jimbo la Veracruz ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Amzibe naye? Sheria ya mlisho wa soka inasema azibwe. Ila shabiki akisita hapo, mkono juu ya kitufe cha kufuta, ameshaonja kazi ambayo hakuna algoritimu inayoweza kuisitia.

Kwa maana kuchagua kuna hatari yake, na lugha yetu imelionya jambo hilo zamani: mchagua nazi hupata koroma. Mtu anaweza kuupepeta mlisho wake mpaka ukabaki na watu wanaosema anachokisema, wanaocheka anachokicheka, wanaokasirika siku anayokasirika. Amelikimbia soko lenye makelele akajifungia na mwangwi wake. Akipenda, chongo huita kengeza, na mlisho uliosafishwa kupita kiasi ni orodha ndefu ya chongo zetu tuzipendazo. Kupanga kwa saa nako hakuna haki kamili. Mwenye maneno mengi humfunika mwenye maneno machache. Anayeandika mara ishirini kwa siku anamzamisha yule anayetafakari wiki nzima ndipo akaandika sentensi mbili. Walioamka wakati umeamka ndio utakaowaona, na kwa kuwa wengi wa mitandao hii wako Ulaya na Marekani, mtu wa Dodoma anasoma kwa saa za wengine. Algoritimu za kampuni kubwa, pamoja na dhambi zake zote, zilimwokoa mara moja moja mtu mkimya aliyesema jambo zuri usiku wa manane. Anayezikataa anapaswa kujua kwamba kazi hiyo ya kumwokoa mkimya imemwangukia yeye.

Kuna pia suala la jana. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mlisho wowote, hata wa RSS, una ulafi wa leo: kilicho juu ndicho kipya, na kilichoteremka kimezikwa. Lakini msomaji wa RSS ana uwezo mdogo ambao unastahili kutajwa. Anaweza kuiacha makala ikae. Inabaki pale pale, herufi zake zimekolezwa kuonyesha kwamba haijasomwa, wiki ikapita, na siku akiirudia inasimama ilipokuwa, haijabadilishwa na kitu kingine kilichoonekana kumfaa zaidi. Wapo wanaoteswa na idadi ya yasiyosomwa, wanaifuta yote kwa kitufe kimoja kila mwisho wa mwezi na kuanza upya. Wapo walioelewa kwamba hakuna aliyewahi kusikiliza stesheni zote za masafa mafupi, na kwamba msikilizaji hakuwa na deni kwa Moscow eti kwa kuwa usiku ule alibaki na Cologne. Aliye na mlisho mzuri anajua kukosa.

Lakini lililo zito kuliko yote haya halionekani mpaka mtu aelewe jinsi mitambo inavyofanya kazi. Seva ya Mastodon haipokei dunia nzima. Kwa kawaida hupokea machapisho ya watu ambao angalau mkazi wake mmoja anawafuata, na yale ambayo watu hao wameyasambaza. Ukitafuta alama reli fulani katika seva ndogo, utaonyeshwa yale tu yaliyokwisha kufika humo kwa mlango huo. Nikimfuata mshairi wa Zanzibar aliye kwenye seva ya mbali, maneno yake yanaanza kuja kwangu, na kwa safari hiyo hiyo yanaingia katika mkondo wa pamoja ambako jirani wa seva yangu, asiyemjua mshairi huyo wala kisiwa chake, anaweza kukutana naye. Nikiacha kumfuata, na nilikuwa peke yangu, mlango umefungwa kwa wote. Watu hudhani kumfuata mtu ni siri baina yao na skrini yao. Hapa ni tendo la hadhara, na uchaguzi wa mmoja ndio upeo wa usikivu wa majirani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa redio kabla haijawa mali ya kila mtu. Mtaani kulikuwa na moja, ya mwalimu, au ya mwenye duka, au ya karani wa bandari. Jioni ilitolewa barazani, na mawe yake yalikuwa yameanikwa juani mchana kutwa ili yatoe saa moja zaidi. Watu wakaja na vigoda vyao, watoto wakakaa chini. Mkono ulioshika kigurudumu ulikuwa mmoja. Mwenye redio akipenda taarabu ya Sauti ya Unguja, mtaa mzima ulilala na taarabu. Akipenda Cairo, watoto walikua wakilijua jina la Nasser wa Misri kabla ya jina la gavana wao. Asiyeridhika alinong'ona kwa adabu, "Mwalimu, saa ya London imefika," na Mwalimu akasogeza kijiti, au akajifanya hakusikia. Hakuna aliyempa Mwalimu cheo cha mhariri, na huenda yeye mwenyewe hakujiona hivyo. Alikuwa akisikiliza redio yake tu. Ila kuna wanasiasa, watangazaji na waimbaji ambao hawangelitokea lau mkono wa jirani fulani ungelikuwa mzito kusogea. Na sauti haikwenda upande mmoja: wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya mjomba wa Mpanda na shangazi wa Korogwe, wakazituma stesheni, na majina ya watu wa kawaida yakapita hewani yakiwafikia watu wengine wa kawaida. Anayesambaza chapisho la mtu asiyejulikana kwenye Mastodon, ambako mlisho wa nyumbani haupangwi na algoritimu, anafanya kazi ya kadi ile. Bila mkono wake, jina halisomwi.

Mkono unaofungua ndio pia unaofunga. Penye wengi pana mengi, na mitandao huria haikuwahi kuwa pepo. Julai 2019 Gab, mtandao uliojulikana kwa kuwakaribisha wabaguzi wa mrengo wa kulia wa Marekani, uliichukua programu ya Mastodon, ambayo ni ya chanzo huria na yeyote anaruhusiwa kuitumia. Hakukuwa na ofisi kuu ya kuufukuza. Kilichotokea ni kwamba wasimamizi wa seva, mmoja mmoja, kila mmoja kwa uamuzi wake, waliukatia mawasiliano, mpaka ukajikuta unaongea peke yake. Watu weusi waliohamia kutoka Twitter mwaka 2022 nao walisimulia matusi waliyokutana nayo, na pia wazungu waliowataka wayafiche mazungumzo ya ubaguzi nyuma ya onyo ili yasiwasumbue wengine. Msimamizi wa seva mara nyingi ni mtu wa kujitolea, ana kazi nyingine mchana, na usiku anaamua nani asikike kwa watu elfu mbili wasiomlipa. Anaweza kuchoka akafunga seva nzima. Aliyedhani kwamba kuondoka kwa kampuni ni kuondoka kwa mamlaka atashangaa. Mamlaka yameshuka chini tu, yamekaa karibu, kwa mtu unayeweza kumwandikia na pengine akajibu.

Sisi wa lugha hii tuliwahi kuishi hivyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe, mojawapo ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na baada yake zikafuata nyingine kwa makumi. Pembeni mwa kila blogu kulikuwa na safu ya majina: blogu ambazo mwenye blogu alizisoma. Mtu aliingia kwa mmoja akatokea kwa mwingine, kutoka siasa hadi mapishi hadi mashairi, akiongozwa na viungo vilivyowekwa kwa mkono na mtu aliyekuwa amesoma alichokipendekeza. Safu zile ndizo zilizokuwa mlisho wetu. Kisha simu zikashuka bei, watu wakahamia kwenye kurasa za kampuni kubwa, na wanaotembelea blogu wakapungua. Serikali nazo zikanyoosha mkono. Mwaka 2018 kanuni mpya za Tanzania ziliwataka wenye blogu walipie leseni, kwa ada zilizofika zaidi ya dola 900, na wengi wakafunga; mwaka huo huo Uganda ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Ukibofya leo viungo vya safu zile za pembeni, vingi havifunguki.

Kwa hiyo anayesema Kiswahili ni kichache katika mitandao huria anasema kweli, na sababu nyingi ziko nje ya uwezo wake. Kampuni za simu zinauza vifurushi vya WhatsApp na Instagram kwa bei nafuu kuliko bando la intaneti yote. Hakuna anayeuza kifurushi cha RSS. Programu nyingi zinadhani msomaji ana mtandao usiokatika na saa nyingi za kujifunza seva ni nini. Mtu aliyechoka na kazi ana haki ya kuletewa, na hakuna ubaya katika kucheka na mchekeshaji wa dera kabla ya kulala. Lakini ipo sababu moja ambayo iko ndani ya uwezo wetu. Lugha huingia katika seva pale mkazi mmoja anapomfuata mtu mmoja anayeiandika. Msomaji wa Muscat, wa Bujumbura au wa Minneapolis akimfuata mwandishi mmoja wa Kigoma, seva nzima inaanza kuisikia Kigoma, na mgeni wa seva hiyo atakayepita kesho ataikuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone: huyo mwandishi ndiye mgeni, na wenyeji ni wale waliokuwa hawajui kwamba kuna aliyekuwa akiandika. Jambo hilo halihitaji ruzuku, kongamano wala tamko la baraza la lugha. Linahitaji mtu aliyesoma ukurasa mmoja mpaka mwisho, akaamua kwa akili yake kwamba aliyeuandika anastahili kusomwa, na akamfuata hata kama hakuna mwingine aliyekwisha kufanya hivyo.